Dishi Lililotazama Viti vya Wageni

Victorine alikuwa akifagia jukwaa la saruji, kama kila asubuhi tangu vita viishe, pale Yannick, fundi kutoka Kinshasa, alipofungua sanduku la dishi. Jukwaa hilo liko kwenye uwanja wa ofisi moja ya serikali mjini Kindu. Ofisi gani, tusiulizane. Mdomo uliponza kichwa.

Victorine, mfagiaji wa hapo, anakaa mtaa wa Mikelenge. Kitambaa cheusi hajakivua kichwani tangu mwaka elfu mbili na mbili, askari walipomchukua mume wake Godefroid, mekanika wa gari la moshi, baba wa binti yao Hélène, wasimrudishe. Kwao matanga hayaanuliwi bila kaburi. Mjane wa namna hiyo haolewi, hachezi arusini, wala hagawi nguo za marehemu. Miaka zaidi ya ishirini amekaa hivyo, na amechoka.

Yannick alieleza kwamba satelaiti ya mtandao iko karibu juu ya vichwa vyao, kwa hiyo dishi lazima litazame mbinguni. Bwana Didier, shefu wa ofisi, hakupendezwa.

"Wakubwa watakaa pale," alisema akionyesha jukwaa. "Unataka dishi iwageuzie mugongo? Hiyo njo adabu ya Kinshasa?"

Kwa Didier kitu kipya humtazama mgeni kwanza. Hata mbuzi wa zawadi hugeuzwa uso. Basi Yannick akalilaza dishi mpaka likavikodolea viti vya wageni, na chini ya viti, saruji. Akasema halitashika kitu. Likashika. Mtandao ulikuja mbio kuliko alivyowahi kuona, akaandika kwenye ripoti kwamba kazi imekwisha.

Saa nne simu ya Victorine ikalia. "Mama Hélène, ni mimi, Godefroid. Tuko watu kumi na saba huku chini ya jukwaa. Unafagia vizuri, lakini kona ya upande wa choo unaisahau."

Victorine alikaa chini akalia, maana miaka yote hiyo alikuwa akifagia juu ya kichwa cha mume wake. Alipomaliza kulia, alikwenda kwa Didier kuomba sururu.

Didier alisoma ujumbe. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapata jumbe tatu.

"Mama, saruji ni ya Leta, ya serikali," alisema. "Kuivunja, inaomba barua ya mukubwa aliyeijengesha. Mheshimiwa anakuja Jumamosi kufungua mtandao. Utamuomba yeye."

Victorine alimjua. Wakati wa vita Mheshimiwa alikuwa komanda, na askari waliobisha mlango walikuwa wake. Mwezi uliofuata aliujengea mji jukwaa, akashukuriwa sana.

Jumamosi Mheshimiwa alipanda jukwaani, akaketi, na simu yake ikapokea jumbe kumi na saba kwa mpigo, kila mtu akitaja jina lake na siku aliyochukuliwa. Alivaa miwani akazisoma zote, bila haraka.

"Mtandao iko muzuri sana," akasema, na watu wakapiga makofi.

Victorine alimkaribia, akapiga goti, akaomba apewe mume wake akamzike. Mheshimiwa alimsikiliza kwa upole wote.

"Mama, yaliyopita si ndwele," alimwambia. "Tugange yajayo. Andika barua, utajibiwa."

Kisha akamlalamikia Didier kwamba kuna watu wanagonga chini ya kiti chake, na mgeni hakai hivyo. Akaamuru saruji iongezwe, unene wa dhiraa moja.

Jumatatu wakaimwaga. Haijakauka bado, simu ya Victorine ikalia tena.

"Mama Hélène, wametuongezea uzito. Utaanua matanga lini?"

"Nangoja barua ya Leta," Victorine akaandika. Ujumbe ulifika saa ileile, kwa kuwa mtandao, Mungu ashukuriwe, haukatiki tena.