Mkono Juu ya Malkia

Mpiga chapa Barnabé alibandua karatasi ya kwanza kutoka kwenye jiwe la chapa, akaitazama, akaguna.

"Anselme, ndugu yangu, angani kuna vidole."

Kweli, kiganja kizima, juu ya kichwa cha malkia anayejitosa mtoni. Anselme ndiye aliyemchora malkia huyo juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, kwa ajili ya kitabu cha hadithi za kale. Mwaka ule kila mwenye sebule hapo Paris alivitaka vitabu vya namna hiyo, ilimradi viwe na mizimu na dhoruba. Na jiwe la chapa halina msamaha: palipoguswa na mafuta, hata ya mkono, wino hushika.

Alivijua vidole vile. Ursule, mkewe, alikuwa akipanguza meza, kizunguzungu kikampata, akajishika kwenye jiwe. Anselme akamfokea. "Mikono gani hiyo wewe? Umeniharibia kazi!" Ursule akasema, "Basi, mume wangu, nisamehe," akaenda kujilaza, maana tumbo lilishaanza kumkata. Kumbe ni kipindupindu. Kesho yake jioni mkokoteni wa maiti ukampitia pamoja na wengine wa mtaa, wakafukiwa shimo moja, bila msalaba wala jina.

Picha yake nayo haipo. Kinyozi hajinyoi, ati. Mtu aliyechora malkia wa dunia nzima hakuwahi kumchora mkewe. Kila akiombwa, kesho. Sasa majuto yanamtafuna, na ni haki yake yamtafune.

"Nikwangue?" Barnabé aliuliza, kisu mkononi.

"Usiguse. Hana kaburi, Barnabé. Mwache akae hapo."

"Mimi nakuelewa. Yule mchapishaji tumbo-mbele ndiye hataelewa. Atakunyima kazi, na mkono nitaukwangua vilevile."

"Nitamwomba."

Mchapishaji Gombert aliingia na kitambaa cha siki puani, kama wote walioogopa ugonjwa. Anselme akaanza maneno aliyokuwa amejipangia.

"Bwana Gombert, hiyo alama hapo juu..."

"Ngoja kwanza." Gombert aliipeleka karatasi dirishani, akaiinua kwenye mwanga. "Mkono wa mauti," akasema mwishowe. "Umenisisimua mwili, bwana wee. Miaka yote hii kipaji hiki ulikuwa unamfichia nani?"

"Basi uachwe?"

"Uachwe, tena ole wake atakayeugusa."

Anselme hakuwahi kumpenda mtu huyu, lakini wakati ule angeweza kumkumbatia.

"Ila umeuchoraje?" Gombert aliuliza. "Sioni hata mstari."

"Sikuuchora. Ni wa mke wangu. Aligusa jiwe kwa bahati mbaya."

Gombert akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. "Ama kweli. Sisi tunamlipa mume, kumbe fundi ni mke! Sasa sikiliza. Picha inayofuata naitaka hivihivi. Jumatatu mwambie aje, auweke tena."

Barnabé, aliyekuwa amezisikia habari za msiba kwa majirani, aligeukia mashine yake, akajifanya anakaza skrubu. Anselme alifungua kinywa. Tangu mkokoteni uondoke, neno "amekufa" hakuwa amelitamka mbele ya mtu yeyote.

"Nitamwambia," alijibu.