Shuka la Nellie Gough

Masizi yalipoanza kuachia ndipo Florrie Tranter alipoiona ile alama. Alikuwa ameinamia beseni katika chumba cha kufulia cha ua wao, akisugua pindo la shuka kwenye ubao, na chini ya kidole gumba chake ukajitokeza uzi mwekundu: majani matatu madogo, bua lao limepinda kushoto. Lilipinda kwa sababu siku ile alipolishona alikuwa akicheka. Nellie alikuwa amekaa mbele yake akimwigiza kasisi, na sindano ikateleza.

Akaacha kusugua. Nyuma yake sufuria kubwa la shaba lilitokota juu ya moto, na mvuke ulikuwa umeziba dirisha lote.

Katika ua ule wa Birmingham, ambako nyumba zilibanana migongo kama watu kwenye foleni ya mkate, chumba cha kufulia kilikuwa kimoja na kila mama alikuwa na siku yake. Ufunguo ulipita mlango hadi mlango kila jioni. Mume ungeweza kuazimwa, walitania, lakini si zamu ya kufua. Jumatano ilikuwa ya Florrie. Alhamisi ilikuwa ya Nellie Gough, tangu enzi za vita ile ya kwanza, mpaka Jumapili iliyopita ndege za Wajerumani zilipoangusha bomu kwenye nyumba ya mwisho, na Nellie akiwa jikoni.

Lile shuka halikuwa la kulalia. Kila mwanamke wa mtaa ule, hata yule aliyefunika watoto wake kwa makoti, aliweka droo moja kwa ajili ya shuka la mwisho, jeupe, limekunjwa na maua makavu ya lavenda, lisiloguswa hadi siku ya kulazwa juu yake. Florrie alilitia nakshi la Nellie, na Nellie la Florrie. Wakaahidiana kwamba atakayebaki atamwosha mwenzake na kumlaza kwa heshima.

Sasa Nellie alikuwa katika ukumbi wa kanisa akisubiri kuzikwa Ijumaa. Mumewe, mzee Enoch, alichimba kifusi kwa mikono mitupu hadi vidole vikafungwa bendeji. Kabati alilikuta zima, ila droo ilikuwa imevutwa, tupu. Watu walimwambia ni kishindo cha bomu. Mzee hakubisha. Alisema tu kwamba mke wake, aliyewafulia watu maisha yake yote, atalala juu ya blanketi la serikali.

Na bomu gani linalokunja nguo na kuzifunga kwenye gunia?

Gunia lile lilikuwa limeletwa alfajiri na Wilf, mwanawe. Alimwambia ni nguo za hoteli moja iliyoungua mjini, Bwana Rudge anazitaka zimefuliwa na kupigwa pasi kabla ya Jumamosi, na amemletea sukari ya kutosha. Florrie hakuuliza. Clem Rudge hakuwa mtu wa kuulizwa. Zamani alitawala kamari zote za mbio za farasi na genge lake likatembea mtaani kana kwamba barabara ni zulia lao. Kisha akafungwa, na alipotoka akapotea miaka mingi, na wengi wakadhani amekufa au ameokoka. Vita ilipoanza akarudi, nywele zimeingia mvi, akawakusanya waliobaki. Wajane aliwapelekea makaa ya mawe. Nao walipokea, wakafunga mlango, wakaota moto bila kusema.

Alimpa kazi Wilf pia. Hilo Florrie hakuweza kulisahau. Wilf alirudi kutoka fukwe za Ufaransa akiwa kiziwi wa sikio moja, na mikono inayotetemeka hata kikombe hakikai. Viwandani walimtazama mikono wakamwambia arudi wiki ijayo. Rudge peke yake hakuitazama.

Mchana Wilf akaja kunywa chai. Florrie alikwenda upande wa sikio lake zima na kumwonyesha pindo.

"Hili mmelitoa wapi?"

"Nimeshakwambia, mama. Hotelini."

"Hoteli gani inayotumia majani yangu?"

Wilf alitazama ule uzi mwekundu. Kikombe kikaanza kugonga kisahani, akakiweka chini. Hakuwa mwongo mzuri tangu utotoni. Akaeleza, macho yake yakiwa sakafuni, kwamba watu wa Rudge huvaa kofia za waokoaji na kuingia kwenye nyumba zilizobomoka kabla moshi haujatulia. Yeye hubaki nje na mkokoteni.

"Kwa Mama Gough sikuingia," akasema. "Nilishindwa. Nikageuka nikatazama ukuta. Walipotoka na gunia nikasukuma. Nilidhani ni mashuka tu."

"Alikupa ziwa lake ukanyonya, mimi nilipougua homa."

"Najua, mama. Mpe mzee Enoch hilo shuka, useme umeliokota kwenye kifusi. Basi yaishe."

Ushauri ule ulikuwa mtamu, na Florrie aliuonja. Ungemtosha. Wakati ule wa vita aliyepora nyumba iliyobomolewa aliweza hata kunyongwa, na mwana alikuwa naye mmoja tu. Kisha akatia mkono ndani ya gunia. Akatoa foronya yenye lasi, kitambaa cha meza, gauni la ubatizo lisilozidi urefu wa mkono wake. Kila kimoja kilikuwa na mama yake mahali fulani.

"Na haya?" akauliza.

Wilf akaondoka bila kumaliza chai.

Jioni hiyo hapakuwa na mlango wa kupelekea ufunguo. Florrie akalala nao chini ya mto.

Alhamisi asubuhi moshi ukatoka kwenye bomba la chumba cha kufulia, na milango ya ua ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Wanawake walitoka na vitambaa vyao kichwani, wamekasirika kabla hata ya kunywa chai. Ni nani aliyekosa adabu kiasi cha kuiba zamu ya marehemu hata hajazikwa? Beattie Onions, ambaye ulimi wake ulitangulia pua yake, alifika wa kwanza.

"Florrie, umechoka kuishi au umechoka kupendwa?"

"Namfulia Nellie," Florrie akasema. "Shika kamba hiyo uifunge kule."

Alianika gunia zima. Kamba zilikata ua kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa upepo ulikuwa mkavu na jua lilikumbuka kazi yake, nguo zikapepea juu ya vichwa vyao. Kelele zikapungua. Mwanamke mmoja wa nyumba ya pili alinyanyua mkono akashika gauni la ubatizo, akalitoa kwenye vibanio, akalibana kifuani na kurudi ndani. Beattie akaikuta foronya ya dada yake. Kwa mara ya kwanza maishani hakusema kitu. Mzee Enoch akaletwa, akasimama mbele ya shuka, akaigusa ile nakshi kwa ncha za bendeji.

Rudge alikuja kabla ya saa sita, Wilf akiwa nyuma yake. Wanawake walirudi nyuma hadi milangoni, lakini hakuna aliyefunga.

"Shangazi Florrie," akasema kwa upole, kwani alikulia ua wa jirani na ndivyo watoto wote walivyowaita mama wale. "Leo si zamu yako."

"Si yangu. Ni ya Nellie."

"Mzigo wangu uko wapi?"

"Unautazama."

Akatembea chini ya kamba, akisogeza nguo kwa mgongo wa mkono. Akasimama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini asisikike na wengine, "Mkokoteni aliusukuma mwanao. Umelifikiria hilo?"

"Usiku kucha."

"Halafu ukaanika."

"Clem," Florrie akasema, "Nellie alikuwa na mashuka mawili ya namna hii. La pili alilitoa siku mama yako alipokufa."

Rudge alilitazama lile shuka, kisha lile bua lililopinda. Mama yake alikufa wakati yeye yuko gerezani, droo yake ikiwa imeshawekwa rehani na kila kilichokuwemo. Walimwosha wanawake wawili wa ua huu, na akazikwa juu ya nguo nyeupe ambayo haikuwa yake. Alipotoka aliambiwa tu kwamba alilazwa vizuri. Hakuwahi kuuliza juu ya nini.

Alivua kofia. Akaishika kidogo kama mtu asiyejua pa kuiweka, kisha akaivaa tena, akaishusha machoni.

"Twende, Wilf," akasema.

Akaondoka. Hatua zake zilisikika hadi nje ya njia ya matofali. Hakuna aliyejua kama atarudi, au ni nani angefika kwanza: yeye, au polisi.

Wilf hakuwa amesogea. Huenda alisimama na sikio bovu upande ule.

Shuka lilikuwa limebakiza unyevu kidogo, kama inavyotakiwa kabla ya pasi, na shuka halinyooshwi na mtu mmoja. Lazima wawili, kila mmoja na pembe zake, wavute kukingamana hadi mistari yake inyooke. Kwa miaka yote mwenzake Florrie alikuwa Nellie. Alilitoa kwenye kamba, akashika pembe mbili, zile nyingine zikaning'inia karibu na ardhi. Mzee Enoch alinyoosha mikono yake yenye bendeji, akaitazama, akairudisha.

Wilf akaja akaziokota.

Alirudi kinyumenyume mpaka nguo ikakaza kati yao, na mara mtetemeko wa mikono yake ukasafiri juu ya kitambaa cheupe, mawimbi madogo madogo, hadi kwenye vidole vya mama yake. Florrie akavuta. Akamngoja. Wilf akavuta.