Kifua cha Jemadari wa Mchwa

Mume wangu alipoanza kuoga kwa kujifungia komeo, nilijua nimeibiwa. Jamani, mtu nimemsugua mgongo tangu enzi tunaazima ndoo kwa jirani, leo ananifungia mlango? Anaficha nini ambacho sijakiona?

Komeo lilikuwa mwanzo tu. Akaanza kulala na fulana, na juu ya fulana shati. Halafu likaja koti. Jua linawaka mpaka mbwa wanagombea kivuli, yeye anatoka nyumbani na koti zito la kijivu, amefunga vifungo vyote mpaka kooni. Nikimgusa kifuani anaruka. Nikimuuliza ana nini, ananijibu, "Uchovu tu, mama watoto." Uchovu gani huo unaovaa koti?

Mimi ni msusi. Nina saluni ya chumba kimoja, na siku moja nikafanya ujinga wa kumsimulia mteja wangu, mwenye duka la vitambaa hapo jirani, mwanamke anayejua habari za ndoa zote isipokuwa yake. "Shoga," akaniambia huku akiniangalia kwenye kioo, "mwanamume akianza kuficha mwili, ujue kuna mtu ameuwekea alama. Meno au kucha. Wewe endelea kusuka watu, mwenzio anamsuka mumeo." Nilimkaza msuko mpaka akapiga yowe, lakini neno lilikuwa limeshaniingia. Usingizi ulinipaa. Nilimpenda mtu huyu, nisiseme uongo, na wazo la kumpoteza lilikuwa linanitafuna moyo.

Lazima niwaeleze kazi yake. Mume wangu anapiga dawa ya wadudu kwenye kampuni ndogo, na hasa anaua mchwa. Wenzake wanamwita Jemadari wa Mchwa, jina ambalo analipenda kuliko alilopewa na mama yake. Dawa za siku hizi unapiga leo, mwakani mchwa wamerudi na ndugu zao. Lakini msimamizi wao alipata mapipa ya dawa ya zamani kwenye bohari moja iliyofungwa, dawa iliyopigwa marufuku tangu tuko wadogo. Hiyo ukiimwaga kwenye msingi wa nyumba, wajukuu zako hawatamjua mchwa kwa sura. Mume wangu ndiye alikuwa mchanganyaji mkuu. Alikuwa anaivuruga kwa mti ndani ya pipa, vumbi jeupe linamjaa mpaka kwenye nyusi, na tulikuwa tukimcheka mimi na watoto kwamba baba amezeeka kazini.

Basi, Jumapili moja asubuhi, watoto wako kwa bibi yao, nikafunga begi langu nikaliweka mlangoni. Nikamwambia, "Chagua. Ama uvue hilo koti nione, ama mimi navuka kizingiti hiki."

Akasema tuongee jioni. Nikamtolea uvivu. Nilisema yote, hata yasiyohusika, mpaka mambo ya mahari na ya shangazi yake. Nilipoinama kushika begi, nikasikia, "Usiende."

Akaanza kufungua vifungo. Kifungo cha kwanza kilimshinda hata nikataka kumsaidia. Chini ya koti shati, chini ya shati fulana, na chini ya fulana alikuwa amejifunga kifua kwa kipande cha shuka letu la zamani, limekazwa mpaka limemwachia michirizi myekundu. Akalifungua polepole, akasimama mbele yangu ameinamisha kichwa.

Mume wangu alikuwa ameota matiti. Si unene, maana jamaa ni mwembamba, ukimtazama ubavuni unaweza kumhesabu mbavu. Yalikuwa matiti, pande zote mbili, na chini ya chuchu palikuwa na uvimbe mgumu.

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokisikia ni furaha. Hakuna mwanamke! Halafu nikaona machozi yanamdondoka kwenye kidevu, na furaha yote ikaniishia miguuni.

"Yanauma," akasema. "Hata shati likigusa. Nilidhani nimerogwa. Nilidhani nina saratani. Halafu nikadhani labda nageuka, sijui nageuka nini. Nilijua ukiona utaniacha."

"Na kutokuona kwenyewe si ndiko kumefungisha begi, we mwanamume!" Nikamkumbatia, naye akaruka kwa maumivu, tukajikuta tunacheka na kulia kwa pamoja. Siku ile nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Kesho yake nikamburuta kwa wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye ni muuguzi kwenye zahanati. Wifi hana maneno ya kubembeleza. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akamwambia, "na wewe ulikuwa umeshakipigia simu." Akatuingiza kwa daktari.

Daktari alikuwa dada mtaratibu, anayeuliza na kusubiri jibu. Alimpima, akamuuliza kuhusu pombe, vidonge, ini, akamtoa damu. Mwisho akamuuliza kazi, na aliposikia habari ya mapipa akaweka kalamu chini.

"Nyumbani mna kufuli la bei rahisi?" akatuuliza.

"Tunalo," nikasema.

"Lilishawahi kufunguliwa kwa msumari?"

"Kila wiki," mume wangu akadakia. "Huyu kazi yake kupoteza funguo." Nikamkata jicho. Hata akiumwa lazima anisemee!

"Sawa," daktari akasema. "Ndani ya mwili kuna makufuli madogo sana, yanaitwa vipokezi. Ufunguo wa hayo ninayoyasema ni homoni ya kike, estrojeni. Wanaume nao wanayo, ila kidogo. Estrojeni ikiingia kwenye kipokezi chake, mwili unapata amri: hapa pakue titi. Sasa, baadhi ya hizi dawa za zamani si homoni, lakini zina umbo linaloweza kuingia kwenye kufuli hilo. Ni msumari. Msumari haufungui kama ufunguo wenyewe, lakini ukichokonoa kutwa, siku zote..."

"Litafunguka tu," akasema mume wangu.

"Nyingine zinaingia kwenye kufuli la homoni ya kiume, zinakwama humo. Ufunguo halali ukija, unakuta tundu limezibwa."

Mume wangu akatazama mikono yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Kwa hiyo, daktari, mimi bado ni mwanamume?"

Daktari hakucheka, na kwa hilo namwombea heri mpaka leo. "Wewe ni mwanamume ambaye makufuli yake yamechezewa," akasema.

Akatuambia hawezi kuapa kwamba ni dawa peke yake mpaka majibu ya damu yarudi. Yaliporudi, ini lilikuwa zima, saratani hakuna, na vile vingine alivyovihofia havikuonekana. Ikabaki dawa. Akasema uvimbe ukiwa bado mchanga mara nyingi hupungua wenyewe, ila kwa masharti. Dawa ile haiishi upesi. Inayokaa kwenye msingi wa nyumba miaka na miaka, ndiyo hiyo hiyo inayojificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Akiendelea kuichanganya, ni sawa na kufagia huku mtu anamwaga taka nyuma yako.

"Na wenzako?" daktari akamuuliza.

"Wao wazima."

"Umewauliza?"

"Daktari, jambo kama hili mtu anamuulizaje mwenzake?"

Basi akaenda kazini na mpango wake wa kijanja: aombe kuhamishiwa kwenye udereva, aseme mgongo unamsumbua. Msimamizi akamcheka. Jemadari aache pipa? Nani atachanganya? Hakuna sababu, hakuna uhamisho. Akarudi nyumbani amenywea.

"Mwambie ukweli," nikamwambia.

"Mbele ya Redio?" Redio ni mwenzake wanayechanganya naye, mtu anayeongea kuanzia anapoamka, na majina yote ya utani pale kazini ameyatunga yeye. "Redio akijua, nitaitwa mama mpaka kaburini. Afadhali nife na heshima yangu."

Hapo nilipandwa na hasira hasa. "Ufe na heshima, na mimi nilale nayo kitandani? Niipikie chai?" Akavuta shuka, akanigeuzia mgongo. Lakini asubuhi, badala ya kunikimbia, alisimama mlangoni akanisubiri nivae viatu.

Tulifika uani kazini kwao wakati wanapanga pampu zao. Msimamizi alikuwepo na karatasi zake, na Redio tayari yuko hewani, anasimulia mpira. Mume wangu akasema, "Nina neno." Akavua koti, akavua shati, akainua fulana.

Msimamizi aligeuza uso pembeni. Mtu mmoja akaachia mpira wa pampu, maji yakatiririka na hakuna aliyeyajali. Redio akafungua mdomo, na mimi nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja. Nilikuwa nimeapa kwamba akitoa tu hilo neno, kinamtua usoni.

"Wewe," Redio akasema taratibu, "ulianza upande gani?"

"Wa kushoto," mume wangu akajibu.

"Mimi wa kulia." Na akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akafunika uso kwa viganja. Mwaka mzima alikuwa anachekesha watu ili asitazamwe kifuani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwingine naye akasema yake, huku akitazama chini. Hakuna aliyekubali kushika pipa siku ile, na msimamizi alipoanza kufoka, nikamweleza habari ya kufuli na msumari kwa sauti yangu ya saluni, ile inayosikika mpaka barabarani. Akatulia. Wifi akawapigia simu watu wa idara ya mazingira. Wakaja na magari yao na mavazi yao ya kujikinga, wakayabeba mapipa. Sasa kampuni inatumia dawa za kawaida, na mchwa wanarudi kila mwaka. Kazi imeongezeka.

Dawa iliyo ndani ya mume wangu haikuondoka na yale magari. Kila Jumapili ananiita nimpapase ule uvimbe, ananiuliza, "Umepungua?" Miezi ya mwanzo nilikuwa namwambia umepungua hata pale ambapo vidole vyangu vilikuwa vinaniambia haujapungua hata chembe. Nilikuwa nasema, halafu naenda jikoni kujifuta macho kwa kisingizio cha vitunguu.

Jumapili iliyopita nilianza na wa kulia. Upo, lakini umelainika. Nikahamia wa kushoto. Nikatafuta, nikabonyeza chini, nikabonyeza pembeni, nikarudia.

"Vipi?" akashtuka. "Umekua? Sema tu, nimeshazoea."

"Hebu nionyeshe ulipo," nikamwambia.

Akaweka kidole chake pale anapopajua. Akakisogeza. Akakaa kitako, akautafuta kwa mikono miwili, akiwa amekunja uso kama mtu aliyepoteza kifungo kwenye shuka. Halafu akanitazama, akaanza kucheka.