Pua, Sikio, Jicho

Karatasi ya mtihani ilikuwa na maswali thelathini. Mtoto akipata ishirini, anabaki kwetu. Akipungukiwa hata moja, anahamishiwa shule ya watoto wazito wa kuelewa, upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayejua lugha ya ishara. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minane, kiziwi. Darasani tunamwita Kishimo, kwa kidole kinachobonyeza shavu pale kishimo chake kilipo.

Mimi ni msaidizi wa darasa. Siku hiyo kazi yangu ilikuwa kufasiri tu: maneno ya mtahini niyageuze ishara, ishara za Kishimo nizigeuze maneno. Hakuna kuongeza wala kupunguza. Nilitia saini kabla hatujaanza. Mama yake alikaa kwenye benchi nje, nyuma ya kioo cha mlango, mkoba mapajani.

"Mwambie anionyeshe pua," alisema mtahini, mwanamke aliyechonga penseli nne na kuzipanga kwa urefu.

Nikagusa pua yangu. Kishimo akagusa yake. Tiki.

"Sikio."

Nikagusa sikio, naye akagusa. Tiki. Jicho, jino, goti: tiki, tiki, tiki.

"Mbona mtoto mwepesi huyu!" mtahini alisema.

Mwalimu wa darasa, aliyekaa nyuma kama shahidi, alinikonyeza. Konyezo hilo ndilo lililonizindua. Katika lugha yetu, ishara ya pua ni kugusa pua. Nilikuwa nimempa mtoto majibu matano, na mtahini hakujua.

Nikapiga hesabu. Mbele kulikuwa na maswali sita ya maneno yanayoishia kwa sauti moja. Hayo kiziwi atayajibia wapi? Yaliyobaki ni kumi na tisa. Yale matano yakiondoka, hata asipokosea popote, angeishia kumi na tisa.

"Mama," nikamwambia mtahini, "hayo matano hayafai." Nikamweleza sababu.

Alishusha penseli. "Nikiyafuta, hayahesabiwi. Unaelewa, dada?"

"Naelewa."

"Umemchinja mtoto huku anakutazama," mwalimu alininong'oneza.

Mtihani niliomfanyia mimi haungesema lolote juu yake. Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba nitalazimika kumweleza mama yake.

Mtahini alifuta maswali matano kwa rula. Kisha akanigeukia. "Na yapo yanayomwonea?"

Katika miaka tisa ya kazi hii, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwonyesha yale sita. Aliyasoma moja moja, midomo ikicheza, na kila aliposoma alichora mstari. Halafu akahesabu.

"Kumi na moja. Yaliyofutwa yakizidi kumi, karatasi yote ni batili."

"Batili maana yake nini kwake?" mwalimu aliruka.

"Maana yake kaa chini, mwalimu." Alitoa kwenye begi kitabu cha mtihani wa badala, kisicho na neno hata moja: michoro thelathini, kila mmoja umekatwa kipande, na mtoto anachagua kipande kinachoziba pengo. "Hiki hakihitaji mkalimani."

Nikaikalia mikono yangu, nisije nikanyoosha kidole bila kukusudia.

Kishimo alimaliza kwa dakika kumi na nane. Mtahini alisahihisha mara mbili, akageuza karatasi tuione. Ishirini na saba. Mwalimu alishusha pumzi kama tairi. Mimi nikaichomoa mikono yangu chini ya mapaja.

Nje, mama yake aliniwahi. "Niambie tu, dada. Usinizungushe."

"Anabaki."

Aliegemea ukuta, akafunika uso kwa mkoba. Kishimo alimvuta sketi, akaanza kumsimulia kwa mikono, harakaharaka, huku akinisonta.

"Anasemaje? Mbona mbio hivyo?" mama aliuliza.

Nikafasiri, bila kuongeza wala kupunguza: "Anasema yule mama wa penseli alianza kwa kunitahini mimi. Pua, sikio, jicho, nikawa naonyesha. Yeye Kishimo alikuwa akinifuatisha ili nisione aibu peke yangu. Anauliza kama na mimi nimefaulu."

Mama alicheka mpaka akaketi. "Mjibu basi!"

Nikamjibu Kishimo kwamba yangu matano yamefutwa yote. Alinitazama kwa huruma, akaniambia nisome kwa bidii.