Posa Niliyoila Vereeniging

Sikuligundua sinia. Kuliona nililiona, tena mara kadhaa, kwa kuwa lilikaa kwenye benchi la boti mkabala nami tangu tulipoondoka gatini. Lilifunikwa kitambaa cha kijani chenye darizi pembeni, na nakumbuka nikiwaza kwamba watu wa boti hizi wanajua kumkirimu abiria. Sikugundua kwamba lilikuwa limeletwa kwangu. Ili msomaji apate kipimo cha upofu huo, naongeza kwamba tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu vyombo vya posa katika mwambao wa Tanga, na sura ya tatu nzima inaeleza sinia la namna hiyo.

Safari iliandaliwa na Adamu, kijana wa Dar es Salaam anayetengeneza majokofu katika Mtaa wa Jules, si mbali na nyumba yetu ya Malvern. Mwaka ule alikuwa akija kwetu mara kwa mara pamoja na Mzee Abdulrahman, mfanyabiashara wa Mayfair mwenye sauti ya upole. Kila walipokuja niliwaeleza utafiti wangu mpya, yaani miji iliyojengwa na makaa ya mawe, na kila mara waliondoka kimya, wakitafakari. Nilidhani wanatafakari makaa ya mawe. Kwa hiyo Adamu aliponiambia kwamba amekodi boti huko Vereeniging, kwenye mto Vaal, ili tupumzike kutwa moja sote pamoja na Najma, niliamini bila taabu kwamba hatimaye nimepata mwanafunzi.

Najma ni binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu akiwa na miaka tisa, na kwa kuwa baba yake hayupo, mwenye haki ya kumwoza ni mimi. Hilo nalo nililijua vizuri.

Boti ilikuwa ndefu na nyembamba, yenye paa la turubai na injini iliyokohoa kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mwenyewe, François, Mkongo wa Bukavu, aliiendesha polepole hata bata wakatupita. Mzee Abdulrahman akasogea karibu nami, akasafisha koo.

"Daktari, ndugu yangu, leo sisi tumekuja na neno."

"Neno lisubiri kidogo, Mzee. Tazama ukingo wa kushoto. Unaiona dohani ile?"

Aliitazama kwa adabu. "Nimeiona."

"Baba mdogo, mwache Mzee aseme," Najma akasema.

"Atasema. Boti haina haraka."

Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba boti ilichaguliwa kwa sababu haina maktaba ya kukimbilia. Walichosahau ni kwamba boti husimama. François alipoifunga kamba karibu na viwanda vya zamani vya chuma ili tunyooshe miguu, mimi nilikuwa wa kwanza kushuka. Niliwatembeza wote kando ya uzio. Niliwaonyesha mabati yaliyoota kutu na reli iliyoteremka hadi majini ikakomea hapo. Niliwaeleza jinsi mji mzima ulivyokula kwa moto wa tanuru, na jinsi ulivyojifunza kuishi matanuru yalipozimwa. Mzee Abdulrahman, ambaye magoti yake yana historia yake, alifuata akiegemea bega la Adamu. Adamu mwenyewe, kwa kukosa nafasi ya kusema lolote, aliniamkia shikamoo kwa mara ya pili.

Mhadhara huleta njaa. Tuliporudi kwenye boti nililivuta lile sinia, nikaondoa kitambaa, nikakuta halua na kashata zilizopangwa vizuri. Niligawa kwa mkono wangu. Nilianza na François, kisha wavuvi wawili waliokaa ukingoni hapo na ndoano zao, kisha Mzee, kisha vijana.

"Karibuni, msione haya," nikasema, nami nikala.

Adamu aliishika kashata yake kama aliyekabidhiwa yai.

"Ni tamu, Papa," François akasema huku akitafuna. "Ni ya sikukuu gani?"

"Ni posa yangu," Najma akajibu. "Baba mdogo ameila."

François akaacha kutafuna. "Eh, Papa. Miye nilikula juu ya weye ulinipatia."

Hapo ndipo nilipokitazama kitambaa. Katika ukoo wetu mshenga husema kwanza. Mlezi akikubali, hufunua sinia mwenyewe na kuwagawia waliopo. Asipokubali, sinia hurudi lilivyokuja. Nimeyaandika hayo, pamoja na tanbihi.

Wa kwanza kupata akili alikuwa Mzee Abdulrahman. "Basi, alhamdulillahi. Amefunua mwenyewe, amegawa mwenyewe, na mashahidi ninao watatu, wawili wana ndoano. Tumekubaliwa."

Adamu alianza kutabasamu.

"Hapana," Najma akasema. "Mimi siolewi kwa bahati mbaya. Mzee, sema ulichokuja kusema. Nawe, Baba mdogo, ukishasikia, kubali au kataa. Lakini chuma usikitaje."

Nikalifunika tena sinia. Mzee Abdulrahman alisema maneno machache mazuri, ambayo bila shaka aliyabeba kutoka Mayfair hadi Malvern na kurudi nayo mwaka mzima. Alipomaliza wote walinitazama, na nikatambua kwamba jibu nilikuwa nalo siku nyingi, na kwamba jibu lenyewe lilikuwa hapana. Adamu hakuwa na kosa. Nyumba yetu ina vyumba vinne; vitatu vimejaa vitabu, na cha nne kina mtu anayeniuliza kila jioni kama nimekula. Asiyetaka kusikia hodi huongeza sauti ya redio. Redio yangu ilikuwa makaa ya mawe.

Najma alikuwa akikunja na kukunjua pindo la mtandio wake. Hakunitazama.

"Adamu," nikasema, "majokofu unayotengeneza hudumu?"

"Mengine, baba. Mengine hurudi."

"Yakirudi?"

"Nayafungua tena. Sinuni."

Nilifunua sinia kwa mara ya pili. Ilikuwa imebaki kashata moja, nikaivunjavunja ili iwatoshe wote. François alipewa kipande chake.

"Hii sasa nakula bila woga," akasema, akawasha injini.

Tulirudi tukiipita dohani ileile. Hakuna aliyeniuliza habari zake.

Najma aliolewa mwezi wa Shaaban na sasa anaishi na Adamu huko Mayfair. Huja Malvern kila Jumapili. Siku nyingine najipikia mwenyewe, na mgeni akiingia namuuliza amekuja na neno gani kabla sijaanza langu.