Kiti cha Mbele

Mtu asikudanganye kwamba hofu ni ya anayesimama jukwaani peke yake. Muulize fundi cherehani, mama asiyetishika hata na bibi harusi anayefoka.

Klabu yake ya kuzungumza mbele ya watu ilikutana kila Alhamisi ghorofani, juu ya duka la rangi. Kila mgeni alipewa mlezi, na mlezi alikaa kiti cha mbele kabisa. Fundi alipewa mpishi wa shule, binti mpole ambaye siku ya kwanza alisimama, akasema "Hamjambo," akakimbilia chooni. Fundi hakumcheka. Alimfundisha kuvuta pumzi, kukaza magoti, halafu kumtazama yeye tu. Sentensi ikitoka vizuri, fundi anaitikia kwa kichwa. Haukupita muda, binti akawa anamwaga maneno kama maji. Mwenyekiti akatangaza kwamba wageni wote sasa watalelewa na fundi, maana huyo ndiye kiongozi. Fundi akavimba kichwa, tusifichane.

Kisha watoto wakaugua matumbo pale shuleni, na vidole vyote vikamwelekea mpishi. Kamati ya shule ikamwita ajieleze. La kusema alikuwa nalo: tangi la maji lilikuwa halina mfuniko, na alikwishamwambia mtunza stoo mpaka akachoka. Akishindwa kulisema, kazi hana, na nani atampa jiko mtu anayesemwa kalisha watoto sumu?

"Utakaa mbele, eti mama?" binti aliuliza.

"Haruhusiwi mtu kuingia, mwanangu. Utakuwa peke yako."

Binti akanyong'onyea. Fundi akajitia ushujaa, akakigeuza kiti chake kikatazama ukuta. "Haya, anza. Mimi sipo."

Fundi akasubiri, akasubiri weee, mpaka akasikia meno yanagongana nyuma yake. Alipogeuka, binti alikuwa ameng'ang'ania meza, machozi yanamtiririka.

"Siwezi nisipokuona, mama."

Lo! Siku zote hizo alidhani anamfundisha binti kuzungumza na watu, kumbe kamfundisha kuzungumza na yeye. Na sifa alizipokea, tena kwa mikono miwili! Tangu hapo walifanya mazoezi kiti kikiwa kimegeuzwa. Siku nyingine binti alifika katikati, siku nyingine hakufungua hata kinywa.

Siku ya kikao fundi alikaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa kamati. Tarishi akapita na chai. "Mama, mbona umekaa kama unayengoja kung'olewa jino?" Fundi akatega sikio mlangoni.

Ndani, sauti nzito ya mwanamume ikasema, "Tunakusikiliza."

Kimya.

"Dada, tunakusikiliza."

Kiti kikalia. Mtu akakohoa kwa kukereka. Fundi akajikuta amesimama, mkono uko kwenye kitasa. Angeufungua mlango kidogo tu, binti amwone, aitikiwe kwa kichwa mara moja, basi. Lakini akimwona leo, kesho je? Na kamati itasemaje ikiona mtu kaletewa wa kumpa maneno? Akakiachia kitasa, kidole kimoja kimoja, akarudi kwenye benchi. Ilimuuma, wallahi, kama vile anamwacha mtoto barabarani.

"Kama huna la kusema..." ile sauti nzito ikaanza.

"Ninalo." Sauti ya binti ilikuwa nyembamba, imepasuka. "Naogopa sana, waheshimiwa. Mtanisamehe nikitetemeka. Lakini lile tangi halina mfuniko, na nilisema."

Hayo ya kuogopa hayakuwamo katika hotuba waliyoiandaa. Hata neno moja. Akaendelea, akakwama, akaendelea tena. Akaulizwa, akajibu. Huku nje fundi alikuwa anauitikia mlango kwa kichwa, hana habari kwamba tarishi amesimama na sinia anamshangaa.

Mlango ulipofunguliwa, binti alitoka ameloa jasho. "Wanakwenda kuliona tangi sasa hivi. Mimi nimeambiwa nirudi jikoni."

Fundi akataka kuinuka amkumbatie. Miguu ikakataa.

"Mama! Mbona unatetemeka hivyo?" Binti akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. "Vuta pumzi. Kaza magoti. Nitazame mimi."