Kuku wa Shemeji

Tangu mama yake azikwe, Gentrix hakumwambia mtu neno. Mtoto wa miaka sita, kimya kama maji mtungini. Shitanda, baba yake, alimbembeleza, akampeleka kanisani akaombewa, wapi! Kisha ugonjwa wa kideri ukafagia kuku wote bandani, ukaacha kifaranga mmoja. Gentrix akamwita Kadogo, akamlea kifuani mpaka akawa kuku mzima. Siku moja Shitanda akamsikia mtoto nyuma ya jiko, akimsimulia kuku habari za mama.

Alilia kwa furaha. Akampigia simu kaka wa marehemu, kule Likuyani: "Shemeji, mtoto anaongea! Njoo usikie mwenyewe."

Shemeji akaja Musanda, nyumbani kwa Shitanda, Jumamosi. Sasa niambie, ndugu wa mkeo aondoke kwako bila kula ingokho, kuku wa mgeni? Kijiji kizima kitakucheka. Na bandani kuku alikuwa huyo mmoja tu. Shitanda, mtu na akili zake, akamtuma Gentrix mtoni, akanoa kisu. Kadogo hakukimbia. Alishazoea mikono ya watu.

Walikuwa wanamega obusuma, ugali wa kwao, waliposikia sauti nyembamba ikizunguka nyumba.

"Kadogo! Kadogo, njoo! Uko wapi?"

Shemeji aliweka paja la kuku chini, uso ukamng'aa. "Kumbe ni kweli, Shitanda! Anaongea!"

Shitanda alirudisha tonge lake sahanini. Mlango ukafunguka. Gentrix akaitazama sahani, akamtazama baba yake, akafunga mdomo.